“Imegoma” Si Taarifa

Katika shule nyingi za sekondari zilizobahatika kupata kompyuta, lipo neno moja linalosikika mara nyingi kuliko maneno yote ya somo lenyewe. Mwanafunzi anaandika, anabonyeza, anasubiri, kisha anainua mkono na kusema, “Mwalimu, imegoma.” Mwalimu anafika, anaizima mashine na kuiwasha tena, nayo inaendelea na kazi kana kwamba halikutokea jambo. Kipindi kinakwisha. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kilichogoma, kiligoma baada ya kufanywa nini, kilitoa maneno gani kwenye kioo, wala kama kitagoma tena kesho endapo hatua zile zile zitafuatwa.

Lau tukio hilo lingetokea katika maabara ya kemia, mambo yangekuwa mengine. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu wa kemia kwamba “dawa imekataa” hurudishwa mezani mara moja. Huulizwa alitumia kiasi gani cha asidi, joto lilikuwa nyuzi ngapi, alisubiri dakika ngapi na aliona rangi gani. Majibu hayo huandikwa daftarini, na mwenzake huyatumia kulirudia jaribio. La kushangaza ni kwamba mwanafunzi yule yule, akivuka uwanja na kuingia katika chumba cha kompyuta, huiacha mlangoni nidhamu yote aliyofundishwa maabarani.

Hoja ya makala haya ni kwamba hilo ni kosa, tena kosa lenye gharama. Kutoa taarifa ya hitilafu ya programu ni kazi kamili ya kisayansi: yahitaji utazamaji, upimaji, kurudia jaribio na uaminifu wa maandishi. Na katika zile programu ziitwazo huria, kazi hiyo ni sehemu halali ya mtumiaji katika ujenzi wa programu yenyewe. Wala asidhani kuwa anaomba hisani. Shule inayowafundisha vijana kutumia programu bila ya kuwafundisha kueleza makosa yake huwafundisha nusu ya somo.

Programu iliyo wazi

Programu ya kompyuta ni maagizo. Watu huyaandika kwa lugha maalumu inayosomeka na binadamu, kisha hugeuzwa kuwa namba ambazo mashine huzitekeleza. Maandishi yale ya awali huitwa msimbo chanzo. Programu nyingi za biashara huuzwa bila ya msimbo chanzo wake. Mnunuzi hupewa chakula lakini hakaribishwi jikoni. Programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake umetolewa kwa wote, kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine.

Yafaa ikumbukwe kwamba wazo hili lenyewe lilichochewa na hitilafu. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara moja ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ilipata mashine mpya ya kuchapa, ambayo karatasi zake zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Mtaalamu mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya mashine ya zamani ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Lakini msimbo wa mashine mpya haukutolewa, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa, kwa sababu alikuwa ameahidi kuutunza kuwa siri. Stallman alilijua tatizo, aliijua namna ya kulipunguza, na bado hakuweza kufanya lolote. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kutengeneza mfumo mzima wa programu ambao hautamfungia nje mtumiaji yeyote.

Miaka minane baadaye, tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watumiaji wa mfumo uitwao Minix. Aliwaarifu kwamba alikuwa akitengeneza mfumo wake mdogo, akawauliza ni mambo gani waliyoyapenda na yapi wasiyoyapenda katika ule waliokuwa nao. Mfumo wake ndio Linux, ambao leo umo ndani ya kila simu ya Android na unaziendesha mashine nyingi mno zinazohudumia intaneti. Msomaji na azingatie mwanzo huo. Kazi kubwa kama hiyo ilitangulizwa na swali kwa watumiaji, tena swali la kutaka kuambiwa kasoro.

Tangu hapo imekuwa desturi ya miradi hii kuwa na daftari la hitilafu lililo wazi, ambamo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuandika kosa aliloliona na kusoma yaliyoandikwa na wengine. Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, ulitoa mwaka 1997 mkataba wake na jamii, na miongoni mwa ahadi zake ni kwamba hautaficha matatizo. Ni ahadi nzito. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Nao watu wa Debian waliamua kuyaanika maradhi yao uwanjani, ili kila apitaye ayaone na mwenye dawa ailete.

Nondo katika daftari

Wataalamu wa kompyuta wana mazoea ya kuiita hitilafu “mdudu”. Neno hilo lilitumiwa na wahandisi tangu karne ya 19. Thomas Edison alikuwa akiliandika katika barua zake za mwaka 1878. Hata hivyo, kisa kinachopendwa zaidi ni cha tarehe 9 Septemba 1947, pale watu waliokuwa wakiiendesha kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo amenaswa ndani ya swichi ya umeme. Grace Hopper, aliyekuwa katika kundi hilo, alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi.

Aghalabu watu hukitaja ili kucheka. Lakini walichokifanya wale waendeshaji chastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Hawakumtoa nondo na kumtupa. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi. Wakaandika kwamba ilikuwa saa 9:45 alasiri, kwamba swichi ilikuwa namba 70, na kwamba ilikuwa katika kibao F. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo na taasisi ya Smithsonian, huko Marekani. Wakati, mahali, chanzo na ushahidi wenyewe: mambo manne katika mstari mmoja. Zaidi ya miaka 75 imepita, na mtu aliyelifungua daftari lile bado anaelewa barabara kilichotokea. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza kiasi hicho juu ya kompyuta iliyogoma jana?

Taarifa njema ina nini

Mfano mmoja utaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko kanuni nyingi. Katika Kiswahili, sauti ya ng’ huandikwa kwa kutumia ritifaa, ile alama ndogo inayoning’inia baada ya herufi g. Msomaji huiona alama hiyo kuwa moja. Kompyuta huweza kuiona kuwa mbili. Ipo alama iliyonyooka, ambayo hutoka moja kwa moja katika kibao cha kuandikia, na ipo iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe kwa ajili ya kupendezesha maandishi. Katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ya kwanza ina namba 39 na ya pili ina namba 8217. Kwa jicho la binadamu tofauti ni ndogo. Kwa mashine ni vitu viwili visivyohusiana.

Basi na ifikiriwe kwamba mwanafunzi ameandika insha ndefu juu ya ufugaji, kisha anaiamuru programu yake imtafutie neno ng’ombe, na programu inaruka mahali pengi ambapo neno hilo lipo waziwazi. Anaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Anaweza kusema, au hata kuwaandikia watengenezaji: “Programu yenu ni mbovu. Haitafuti maneno. Itengenezeni haraka.” Au anaweza kuandika hivi:

“Natumia toleo hili la programu, katika kompyuta yenye mfumo huu. Nilifungua ukurasa mtupu. Niliandika neno ng’ombe mara tano, kirekebishaji cha herufi kikiwa kimewashwa. Nilikizima, nikaliandika mara tano tena. Kisha nilitafuta neno hilo katika ukurasa mzima. Nilitarajia kulipata mara kumi; nililipata mara tano. Nilirudia jaribio mara tatu, na matokeo yalikuwa yale yale. Nilifanya vivyo hivyo kwa neno ngoma, ambalo halina ritifaa, nikalipata mara kumi zote.”

Taarifa ya kwanza ni malalamiko. Anayeisoma, hata akiwa na nia njema kiasi gani, hana pa kuanzia. Taarifa ya pili ni jaribio la kisayansi. Inataja vifaa, inaeleza hatua kwa mpangilio, inatenganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, na inathibitisha kwamba matokeo hurudiwa. Zaidi ya hayo, ina kile ambacho walimu wa biolojia huwataka wanafunzi wakiweke katika kila jaribio, yaani kielelezo cha kulinganishia: neno ngoma limewekwa ili kuonyesha kwamba utafutaji wenyewe ni mzima na kwamba tatizo limo katika ritifaa. Mtengenezaji aliye nchi ya mbali, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, anaweza kuzifuata hatua hizo na kuiona hitilafu kwa macho yake. Akishaiona, nusu ya kazi ya kuiondoa imekwisha.

Iangaliwe pia kwamba mwanafunzi huyo hakudai kujua sababu. Angeweza kukisia, na kukisia si dhambi, ilimradi makisio yaandikwe kuwa makisio. Kosa la kawaida ni kuandika dhana mahali pa ushahidi: mtu husema “kumbukumbu ya kompyuta imejaa” ilhali alichokiona ni maneno fulani tu kwenye kioo. Maneno hayo ya kwenye kioo ndiyo yanayotakiwa, herufi kwa herufi, kama yalivyo. Kadhalika, kabla ya kuandika, ni wajibu kupekua daftari la mradi ili kujua kama mwingine amekwisha kulitaja jambo hilo. Na iwapo mtu ameona makosa matatu, na aandike taarifa tatu, maana kila kosa lina njia yake ya kutafutwa na siku yake ya kufungwa.

Wapo watengenezaji ambao huwaenzi watu wa namna hii hadharani. Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwandishi wa programu ya TeX inayotumiwa kote duniani kupanga maandishi ya hisabati, ana desturi ya kumtunza kila anayegundua kosa katika vitabu vyake dola 2 na senti 56. Wanafunzi wa hisabati wataifurahia sababu: senti 256 ni 16 mara 16, kwa hiyo ni “dola moja” katika hesabu ya vizio 16. Wengi waliotumiwa hundi zake hawakuzipeleka benki. Waliziweka kwenye fremu. Mtaalamu mkubwa amekiri kwa maandishi kwamba alikosea na kwamba fulani ndiye aliyeona. Heshima hiyo haina bei.

Nusu ya sekunde

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo madogo ya insha na ng’ombe. Tukio la mwaka 2024 litamwonyesha vinginevyo.

Andres Freund ni mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa akipima kasi ya kazi yake katika kompyuta yenye toleo la majaribio la Debian. Akaona kwamba programu ya kuwapokea watu wanaoingia katika kompyuta kutoka mbali ilikuwa ikitumia nguvu nyingi kuliko ilivyostahili, na kwamba kuingia kulichelewa kwa takriban nusu ya sekunde. Wengi wangeipuuza nusu ya sekunde. Freund alikumbuka pia kwamba wiki chache nyuma aliona ujumbe wa ajabu wa makosa katika kipimo kingine. Akaunganisha mambo hayo mawili, akaanza kufuatilia.

Mwanzoni alidhani kwamba kasoro ilikuwa imeingizwa na watu wa Debian. Ushahidi ulimpeleka mbali zaidi, hadi kwenye programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo hutumiwa na karibu kila mfumo wa Linux. Katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1 kulikuwa kumefichwa mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliyeuweka kuingia katika kompyuta za watu na kuziamuru. Freund aliwaarifu kwanza kwa siri wanaoshughulikia usalama. Kisha, tarehe 29 Machi 2024, akatoa taarifa yake hadharani, ikiwa na vipimo, hatua na vielelezo. Matoleo yale mabaya yaliondolewa kabla ya kuenea katika mifumo mingi ya kawaida. Maafa makubwa yalizuiwa na mtu aliyeona, akapima, akaandika.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili, ambao haustahili kupitwa kwa haraka. Programu ya xz ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja tu, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyojulikana kwingineko walimwandamia kwa maandishi, wakimlaumu kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba hafai. Aliwakumbusha kwamba kazi ile haina malipo. Hawakumhurumia. Wakati huo huo alikuwapo mtu mwingine, aliyejiita Jia Tan, mwenye kuleta marekebisho kwa upole na bidii tangu mwaka 2021. Mtunzaji aliyechoka alimpokea msaidizi huyo na kumkabidhi madaraka hatua kwa hatua. Na msaidizi huyo ndiye aliyeuweka mlango wa siri. Inaaminika kwamba jina lake ni la bandia, na hata wale wenye kulaumu wanashukiwa kuwa walikuwa katika njama moja naye.

Hivyo basi, katika programu moja, maandishi ya watumiaji yalifanya mambo mawili yaliyo kinyume. Maneno makali yasiyo na ushahidi yalisaidia kuufungua mlango kwa adui. Taarifa makini yenye vipimo iliufunga.

Adabu ya msaragambo

Kwa sababu hiyo, mwalimu anayefundisha ufundi wa kuandika taarifa hana budi kufundisha pamoja nao adabu ya kuomba msaada. Programu huria hufanana sana na msaragambo wa kuchimba mfereji. Maji yatawafikia wote, lakini si wote walioshika jembe. Anayefika saa nne, mikono mitupu, akaanza kuwakemea wachimbaji kwamba mfereji umepinda, hata kama kweli umepinda, hatasikilizwa. Anayefika na kamba ya kupimia, akaonyesha ni wapi ulipopinda na kwa hatua ngapi, amechimba pia, ingawa hakugusa jembe.

Uchache wa wachimbaji si maneno ya kutia chumvi. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu kubwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Hitilafu hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilikuwa imekaa ndani ya matoleo yaliyotumika kwa takriban miaka miwili, hadi ilipogunduliwa na mtaalamu wa kampuni ya Google na, bila ya wao kuwasiliana, na wataalamu wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Ulipotazamwa mradi wenyewe, ilionekana kwamba ulikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya muda wote, na kwamba michango ya hiari uliyopata kwa mwaka ilikuwa takriban dola 2,000. Mabenki na maduka ya dunia nzima yalikuwa yakinywa katika kisima hicho, na hakuna aliyeuliza nani anayekifukua.

Hitilafu za namna hiyo, zenye kuhatarisha usalama wa watu, zina utaratibu wake. Haziandikwi hadharani siku ya kwanza. Hupelekwa kwa siri kwa watunzaji, nao hupewa muda wa kuzirekebisha. Hili nalo ni somo la uraia mwema.

Katika miaka ya karibuni limezuka tatizo jipya. Kwa kuwa sasa zipo programu za akili bandia zinazoweza kuandika taarifa ndefu yenye sura ya kitaalamu kwa dakika moja, watu wengine hutuma taarifa za makosa ambayo wao wenyewe hawakuyaona, na ambayo mara nyingi hayapo. Mwanzilishi wa programu huria ya curl amelilalamikia jambo hilo waziwazi tangu mwaka 2024, maana kila taarifa ya uongo hula saa za watu wa kujitolea. Mwanafunzi anayefanya hivyo ni sawa na yule anayebuni vipimo vya jaribio akiwa amelala bwenini. Lugha nzuri haiwezi kuchukua nafasi ya utazamaji.

Pingamizi na majibu yake

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wakubwa wa ng’ambo, na kwamba taarifa ya mwanafunzi wa Tabora au Kakamega haitasomwa na mtu. Pingamizi hilo lina chembe ya ukweli. Zipo taarifa zinazokaa miaka mingi bila ya kujibiwa, na zipo zinazojibiwa kwa ukali usio wa lazima. Watunzaji nao ni binadamu. Lakini taarifa isiyoandikwa ina hakika moja tu, nayo ni kutojibiwa kamwe. Tena kuna hitilafu ambazo hazitaonekana huko ng’ambo. Mtu asiyeandika Kiswahili hana sababu ya kutafuta neno ng’ombe. Mtu ambaye umeme wake haukatiki hataona programu inavyoharibu kumbukumbu umeme unapokatika katikati ya kazi. Waliokaa kimya juu ya matatizo yao wasishangae kuona kwamba programu zinatengenezwa kwa mahitaji ya wengine.

Isitoshe, Afrika ya Mashariki si mgeni katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mfumo huria wa OpenMRS, unaotunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, na mahitaji ya kliniki za hapo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyouumba. Wizara za afya za Kenya na Tanzania hukusanya takwimu zao kwa mfumo huria wa DHIS2. Hitilafu katika mifumo kama hiyo haimpunguzii mwanafunzi alama za insha. Yaweza kuonyesha kwamba zahanati ina dawa ilhali kabati ni tupu. Muuguzi anayesema “imegoma” na kurudi kwenye karatasi, na muuguzi anayeandika kilichotokea hatua kwa hatua, hawatoi huduma iliyo sawa kwa wagonjwa watakaokuja kesho. Na wote wawili walikuwa wanafunzi wa sekondari.

Wengine watasema kwamba kizuizi ni lugha, kwa kuwa madaftari mengi huandikwa kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba taarifa njema haihitaji Kiingereza cha kitabuni. Hatua zenye namba, maneno ya kioo yaliyonakiliwa na picha moja hutosha. Mwanafunzi na aandike kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo mawazo yake yako wazi. Kisha kuitafsiri iwe kazi ya pamoja na mwalimu wa Kiingereza. Watunzaji wengi wamezoea kusoma maandishi ya watu ambao Kiingereza si lugha yao, na baadhi yao ni watu wa namna hiyo hiyo.

Lifanyike nini shuleni

Jambo la kwanza halihitaji fedha. Kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la hitilafu, lenye safu za tarehe na saa, mashine, programu na toleo lake, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, na kama kimerudiwa. Neno “imegoma” lisikubaliwe katika daftari hilo, kama vile “dawa imekataa” isivyokubaliwa maabarani. Kabla ya mashine kuzimwa na kuwashwa, mstari uandikwe.

Jambo la pili ni zoezi la muhula. Mwalimu achague hitilafu moja iliyoandikwa vizuri, na kundi la wanafunzi ambao hawakuwapo ilipotokea wapewe taarifa hiyo peke yake na kuambiwa waitokeze tena. Wakishindwa, taarifa ina upungufu, na mwandishi wake airekebishe. Wakifaulu, wapekue daftari la mradi unaohusika. Na endapo haijaandikwa na mtu, waitume kwa jina la shule. Hata isipojibiwa, somo litakuwa limekwisha kufundishwa. Ikijibiwa na kurekebishwa, watumiaji wasiojulikana katika mabara mengine watakuwa wamefaidika na uangalifu wa kidato cha pili.

Jambo la tatu ni la walimu wenyewe. Mwanafunzi anayesema kwamba mashine imetoa jibu lisiloeleweka asichekwe wala asikaripiwe kwamba ameiharibu. Mahali ambapo kueleza kosa huleta aibu, makosa hufichwa, na yaliyofichwa hukua. Mwalimu anayekiri mbele ya darasa kwamba naye hajui, kisha akaketi na kuandika swali lake vizuri, amefundisha sayansi zaidi ya yule anayeizima mashine na kuiwasha tena.

Siku nyingine mkono utainuliwa darasani. Mwalimu na aende, lakini asiguse kitufe cha kuzimia. Na aulize kwanza: “Ulifanya nini, ukatarajia nini, ukaona nini?” Kisha ampe mwanafunzi kalamu.